KIFO ASIYE NA MPISHI: MWANAMKE, CHAKULA NA MAUTI KATIKA MASIMULIZI YA BUHAYA NA JIRANI ZAKE

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mwanamke anavyohusishwa na chakula na kifo katika masimulizi ya Buhaya, hususan Bukoba na Muleba, na katika masimulizi ya jirani ya Buganda na Bunyoro-Kitara. Hoja inayotetewa ni kwamba katika masimulizi hayo Kifo si mwanamke. Kifo ni ndugu, mgeni au mdai aliyenyimwa haki yake ya chakula, na mwanamke husimama kati yake na chungu. Tashihisi ya kike ya mauti ilijitokeza Kagera katika miaka ya 1980, kwa jina lililotokana na nguo, na gharama yake iliwaangukia wanawake halisi. Kwa sababu hiyo mhakiki hana budi kutenganisha mbebaji na kinachobebwa.

1.0 Lugha isiyo na jike wala dume

Mwaka 1959, katika insha yake kuhusu tafsiri, Roman Jakobson alimtaja mtoto wa Kirusi aliyesoma hadithi za Kijerumani zilizotafsiriwa, akashangaa kukuta Kifo kimechorwa kama mzee wa kiume. Kwa mtoto yule Kifo kilikuwa mwanamke bila shaka yoyote, kwa kuwa neno la Kirusi la kifo lina jinsia ya kike, ilhali la Kijerumani lina jinsia ya kiume. Mfano huo ni mdogo, lakini unagusa tatizo ambalo uhakiki wa fasihi za Kibantu haujalipa uzito unaostahili. Mjadala mkubwa wa kimataifa kuhusu “kifo kama mwanamke” umejengwa juu ya lugha ambazo sarufi yake imekwisha kuamua kabla ya msanii kufungua kinywa.

Kiswahili na Kihaya havina uamuzi huo. Vina ngeli, na ngeli haziulizi jike wala dume. Neno la Kihaya orufu lina mzizi mmoja na ufu, mfu na kufa ya Kiswahili. Fanani anapotaka kulifanya nafsi halitafutii jinsia, bali hulihamishia katika upatanisho wa viumbe wenye uhai. Kwa Kiswahili tofauti hiyo husikika wazi: “kifo kilifika” ni tukio, “Kifo alifika” ni mgeni mlangoni. Tashihisi inakamilika kwa silabi moja, na msikilizaji bado hajui kama mgeni huyo amevaa kanzu au kanga.

Kinachofuata ni muhimu zaidi. Kama sarufi haitoi jinsia, basi jinsia inapoonekana imeletwa na kitu kingine, nacho kwa kawaida ni mojawapo ya mambo mawili: jina la ujamaa (kaka, shangazi, mama mkwe, binti) au kazi (kuchunga, kupika, kuchota maji). Kiumbe hujulikana kuwa wa kike kwa sababu ya undugu wake na mtu fulani au kwa sababu ya jiko analosimamia. Hivyo swali “je, Kifo ni mwanamke?” linapoulizwa kuhusu fasihi ya Kagera hugeuka kuwa swali jingine: Kifo ana undugu na nani, na nani humpikia?

Maswali hayo mawili ndiyo yanayopotea hadithi inapovushwa kwenda Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa, ambako mtafsiri hulazimika kuandika kiwakilishi cha kiume au cha kike katika kila sentensi. Masimulizi mengi ya ukanda wa Ziwa Viktoria yalianza kuandikwa na wamisionari na maofisa wa kikoloni. Hermann Rehse alichapisha kitabu chake kuhusu Kiziba mwaka 1910 kwa Kijerumani. John Roscoe alichapisha chake kuhusu Baganda mwaka 1911 kwa Kiingereza. Mtafiti wa leo anayesoma matoleo hayo, kisha akayaeleza kwa Kiswahili, anapokea jinsia ambazo huenda fanani wa kwanza hakuzitamka.

Kwa upande wa mikasa ya ng’ambo, mahali pa mwanamke hapana utata. Katika Edda ya nathari ya Snorri Sturluson, ya karne ya 13, Hel anayetawala wafu ana sahani iitwayo Njaa na kisu kiitwacho Ukosefu wa Chakula. Katika Kojiki ya Japani, iliyokamilika mwaka 712, Izanami hawezi kurudi kwa walio hai kwa kuwa amekwisha kula chakula cha jiko la kuzimu. Persefone wa Wagiriki anafungwa kuzimu na punje za komamanga, huku mama yake, Demeta, akizuia nafaka isiote. Katika yote hayo mwanamke ndiye mwenye sahani ya mauti au ndiye aliyeila. Mhakiki aliyezoea ruwaza hii akiingia Buhaya atatafuta Hel wa Kihaya, na kwa kuwa anatafuta atamwona hata pale asipokuwapo.

2.0 Shemeji aombaye mpishi

Kisa cha Kintu na Nambi ni cha Buganda, lakini mpaka wa Buganda na Kiziba haujawahi kuwa ukuta kwa hadithi, na wasomaji wa Bukoba wanakifahamu. Kwa muhtasari: Kintu anaishi peke yake na ng’ombe wake, Nambi, binti wa Ggulu, mwenye mbingu, anampenda, Ggulu anamjaribu Kintu kabla ya kumwoza. Wanandoa wanaagizwa waondoke kimyakimya wasije wakafuatwa na Walumbe, ndugu wa kiume wa Nambi, ambaye ndiye Kifo. Njiani inakumbukwa kwamba nafaka ya kuku imesahaulika. Mmoja wao anarudi kuichukua. Walumbe anaandamana nao.

Nani alirudi? Katika toleo linalosimuliwa sana leo, shuleni na majukwaani, ni Nambi. Katika toleo la Roscoe ni Kintu aliyerudi, na Nambi ndiye aliyemsihi asirudi. Tofauti hii si ya kupuuzwa kama suala la fanani kusahau. Toleo moja linamfanya mwanamke mlango wa mauti. Jingine linamfanya mtu pekee aliyeona hatari. Mhakiki anayeandika kwamba “katika ngano za Maziwa Makuu mwanamke ndiye aliyeleta kifo” bila kutaja toleo analolitumia anahukumu bila kusikiliza upande wa pili.

Hata hivyo, kiini cha kisa hakipo njiani, bali nyumbani, baada ya safari. Walumbe anamwendea Kintu na kuomba apewe mmoja wa watoto ili ampikie. Kintu anakataa, kwa hoja kwamba Ggulu akija kumtaka mtoto huyo atakosa la kumjibu. Walumbe anaomba tena, anakataliwa tena, na ndipo watoto wanapoanza kufa. Matoleo ya Kiingereza humtaja mtoto anayeombwa kama binti. Huenda ni kazi ya mtafsiri, huenda ni kazi ya desturi inayojua kwamba mpishi wa nyumbani ni msichana. Vyovyote iwavyo, jinsia imeingia kwa mlango wa jikoni.

Hapa ndipo tashihisi ya Walumbe inapostahili kusomwa kwa makini. Yeye si jini, si mfupa wenye mundu, si malaika mwenye daftari kama Ziraili wa tenzi za pwani. Ni shemeji. Ni kaka wa mke, aliyefika ugenini asiye na mtu wa kumwekea chungu motoni, na kila msikilizaji wa ukanda huu anajua uzito wa shemeji kulala njaa katika nyumba ya dada yake. Kifo kinaanza kuua kwa sababu hakikupewa mpishi. Mwanamke katika kisa hiki hawakilishi kifo, wala si chakula. Ni yule ambaye angeweza kukaa kati ya viwili hivyo na ambaye baba yake alikataa, kwa haki kabisa, kumtoa.

Kipo kipengele kingine ambacho wahakiki hukipita haraka. Miongoni mwa majaribio ya Ggulu, Kintu hufungiwa nyumbani na chakula cha kutosha watu mia, aambiwe akimalize. Anaokolewa na shimo linalofunguka sakafuni. Anamimina chakula chote humo na kulifunika. Ardhi ndiyo iliyokula. Mwishoni mwa kisa, Kayikuzi anapotumwa kumkamata Walumbe, ni katika ardhi hiyo hiyo ambamo Walumbe anazama, pale Ttanda, baada ya watoto kuvunja mwiko wa ukimya. Ardhi iliyomeza mlo wa harusi ndiyo inayomficha mwuaji. Kama kisa hiki kina mlaji mkuu, mlaji huyo ni ardhi, na hakuna mahali inapoitwa mama. Msemo “Mama Ardhi”, unaopachikwa siku hizi kwa urahisi katika kila uchambuzi wa fasihi simulizi ya Kiafrika, hauna ushahidi hapa.

3.0 Nyamata na punje za buni

Kisa cha pili kinatoka Bunyoro-Kitara, na ndicho kinachozaa ukoo wa Wachwezi, ambao ibada zao zilienea hadi Karagwe, Kiziba na Ihangiro, yaani sehemu kubwa ya Muleba ya leo. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, anamtumia Isaza, mfalme wa Kitara, mafumbo. Anayeyafumbua ni mjakazi, Kogere. Kisha Nyamiyonga anaomba udugu wa damu, na punje za buni zilizotiwa damu zinaletwa ili zimezwe. Isaza anaogopa. Anamwagiza mtumishi wake, Bukuku, ameze badala yake.

Kwa msomaji wa Kagera tukio hili halihitaji maelezo marefu. Kahawa ya kutafuna ndiyo inayotolewa kwa mgeni anapoketi, na buni mbili zikaazo ndani ya ganda moja zimekuwa alama ya udugu wa kuchanjiana kwa vizazi vingi. Kumtuma mtumishi kula punje ya udugu ni sawa na kumwambia mwenye kuzimu kwamba mkono wake haufai kupeana naye chakula. Nyamiyonga anakasirika, naye anamtuma binti yake, Nyamata, aende kumnasa Isaza.

Kwa mtazamo wa kwanza, Nyamata anaonekana kuwa tashihisi kamili ya kike ya mauti: mrembo, anatoka kuzimu, amekuja kwa hila. Hesabu ya matukio, hata hivyo, inakataa usomaji huo. Nyamata anashindwa. Isaza anampenda, lakini anawapenda ng’ombe wake zaidi, na Nyamata anarudi kwao akiwa mjamzito na habari hiyo. Ndipo Nyamiyonga anapotuma ng’ombe, nao ndio wanaomvuta Isaza hadi chini, asirudi tena. Kilichomuua Isaza, kama lugha ya kuua inafaa, ni maziwa na fahari ya zizi. Nyamata anamzaa Isimbwa. Kwa Isimbwa anapatikana Ndahura. Kwa Ndahura, Wamara. Mwanamke wa kuzimu ndiye mlango ambao ukoo wa watawala ulipitia kuja juu. Kumwita sura ya kifo ni kumnyima kazi pekee aliyoifanikisha.

Hata Kogere anastahili neno moja. Yeye peke yake, katika baraza zima la mfalme, ndiye aliyeielewa lugha ya kuzimu, na masimulizi yanamwacha arudi alikotoka bila cheo. Angekuwa mwanamume, bila shaka pangekuwa na ukoo unaodai kutokana naye.

4.0 Deni la Wamara

Masimulizi ya Wamara ndiyo yaliyo ya Buhaya zaidi, na ndiyo yenye mfungamano wa wazi kuliko yote kati ya chakula na kifo. Hapa jina la Kintu linahama: yule ambaye kwa Waganda ni mtu wa kwanza, kwa Wahaya ni mwenye kuzimu. Wamara na wenzake wanashuka kwake na kupokelewa. Wanarudi na ng’ombe na mbegu, pamoja na sharti moja: wasisahau kurudi kutoa shukrani. Wamara anasahau. Kintu anamtuma Rufu, na huo ndio mwisho wa enzi ya Wamara na ya Wachwezi wenzake, wanaotoweka na kubaki kuwa mizimu ya kutambikiwa.

Rufu anakuja kama mjumbe wa kudai. Hana tamaa yake mwenyewe, na huu ndio uzuri wa mchoro huu wa kisanaa: Kifo si adui wa chakula, ni karani wa chakula. Mbegu na mauti vimetoka ghala moja, na mkopo wa kwanza ndio uliofungua njia ya mjumbe wa pili. Kihaya hakikulazimika kusema kama Rufu ni mume au mke, na kwa kuwa hapewi ndugu wala jiko, hakuna msingi wa ndani ya kisa wa kumpa jinsia. Katika lugha za Ulaya amekuwa wa kiume kwa ulazima wa kiwakilishi. Kosa la kuyafanya matoleo hayo ushahidi kwamba “Wahaya huona kifo kuwa mwanamume” ni kosa lile lile la wale wanaomtafuta Hel, ila limegeuzwa upande.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya ushahidi uliohifadhiwa imepita mikononi mwa wanaume. Enanga, ambazo M. M. Mulokozi alizichambua katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zimekuwa kwa kiasi kikubwa sanaa ya wapiga zeze wanaume, mbele ya wakubwa na kando ya rubisi. Ngano za jikoni zina historia nyingine. Peter Seitel, aliyekusanya ngano za Kihaya na kuzichapisha mwaka 1980, alikipa kitabu chake jina linalotokana na kauli ambayo wasikilizaji humrudishia fanani, yaani, kwa Kiswahili, “ona nasi tuone”. Kauli hiyo inamtaka fanani awe shahidi. Katika ngano hizo za nyumbani, maharage yanayoungua, mboga iliyoliwa kwa siri na chakula alichonyimwa mtoto wa kambo ndivyo vipimo vya wema na ubaya. Ushairi wa kishujaa hauvijui sana vipimo hivyo.

5.0 Juliana

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kuthibitishwa Tanzania Bara waliripotiwa mkoani Kagera, katika hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Kifupisho UKIMWI kilikuwa bado hakijaenea. Watu wa Bukoba na Muleba walikuwa wametoka katika vita vya 1978 na 1979. Mpaka wa Mutukula na mialo ya ziwa ilikuwa njia za magendo, na magendo yalikuja na nguo. Mojawapo ya nguo hizo, kitambaa cha fahari kilichoingia kwa wafanyabiashara kutoka Uganda, kiliitwa Juliana. Vijana waliokuwa na fedha walikivaa. Wengi wao walianza kukonda na kufa. Ugonjwa ukaitwa Juliana.

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika mfululizo wa matini zinazojadiliwa hapa, mauti yanapata jina la kike lisilo na utata. Wala hayakulipata kutoka kwa Wamara au Nyamata; yalilipata dukani. Kwa istilahi za uhakiki, Juliana ilianza kama taashira: nguo ikasimama badala ya wavaaji wake, na wavaaji badala ya biashara iliyowapa nguo hiyo. Haikuwa sitiari, kwa kuwa hakuna aliyefananisha ugonjwa na mwanamke. Hata hivyo jina la mtu likikaa kinywani kwa muda huota mwili. Anayesikia kwamba fulani “amepatwa na Juliana”, bila kuiona nguo, ataona mwanamke. Taashira imeteleza ikawa tashihisi, na hakuna msanii aliyekusudia.

Aldin Mutembei, katika tasnifu iliyochapishwa Leiden mwaka 2001 kuhusu ushairi simulizi wa Kihaya na UKIMWI, aliweka sitiari na taashira bega kwa bega katika kichwa cha kazi yake na kuonyesha kwamba zilibadilika kadiri janga lilivyobadilika. Uamuzi huo wa kutozichanganya ni mchango mkubwa kuliko unavyoonekana. Sitiari inaeleza namna jamii inavyofikiri. Taashira inaeleza nani alikuwa jirani na nani. Juliana ni kumbukumbu ya ujirani: mpaka, mzigo, fedha, kitambaa, mwili. Ikisomwa kama sitiari, yaani “Wahaya waliuona UKIMWI kama mwanamke mtongozaji”, barabara nzima ya magendo inafutika na anabaki mwanamke peke yake. Inafaa kukumbuka pia kwamba Mutembei mwenyewe, alipoandika riwaya kuhusu janga hili mwaka 2005, aliiita Kisiki Kikavu, jina lisilovaa mwili wa mtu yeyote.

Mnyauko wa migomba ulipoingia nchini, nao ukiripotiwa kwanza Muleba, mwaka 2006, maofisa ugani waliuita kwa tendo la mmea wenyewe: kunyauka. Janga hilo lilishambulia chakula kikuu cha mkoa, na jina lake la Kiswahili halikumtuhumu mtu.

6.0 Jiko, kibanja na kaburi

Tofauti kati ya mbebaji na kinachobebwa si ya darasani tu. Brad Weiss, aliyefanya utafiti wake Muleba, aliandika mwaka 1993 kuhusu usemi wa Kihaya juu ya mwanamke aliyekwenda mjini kutafuta fedha kwa mwili wake na kurudi kununua shamba: amenunua kaburi lake. Safari hizo ni za zamani kuliko UKIMWI. Luise White, katika historia yake ya ukahaba wa Nairobi iliyochapishwa mwaka 1990, anawaonyesha wanawake wa Kihaya wakiwa Pumwani tangu enzi za ukoloni, wakipeleka fedha kwao. Usemi huo una maana mbili zilizofumwa pamoja. Ya kwanza ni ya kisheria: Mhaya huzikwa kibanjani, na asiye na kibanja hana pa kuzikwa kwa heshima, aliyekinunua amejipatia mahali. Ya pili ilikuja na janga: fedha iliyonunua ardhi ndiyo iliyonunua ugonjwa.

Usomaji wa haraka huichukua maana ya pili na kuiacha ya kwanza, na matokeo yake ni mwanamke-mauti mwingine. Lakini kwa nini mwanamke alilazimika kununua kile ambacho kaka yake alirithi? Sheria za mila za Kihaya, kama zilivyoandikwa na Cory na Hartnoll mwaka 1945 na kuingizwa katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, zilimruhusu binti kutumia ardhi ya ukoo bila kuwa na haki ya kuiuza. Aliyelima maharage chini ya migomba, akamenya ndizi na kulisha nyumba, hakuwa na neno juu ya udongo ulioyaotesha. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa senene: mila za kale za Buhaya, kama zile za Buganda, zilimtaka mwanamke awakusanye, awachambue na awakaange, kisha awaachie wanaume wawale. Mwenye chungu hakuwa mlaji.

Kwa mtazamo huo, kauli “mwanamke ni chakula”, inayotokea mara nyingi katika uchambuzi wa methali na nyimbo, inahitaji tahadhari ile ile kama “mwanamke ni kifo”. Kiswahili cha mjini kimeunda mama lishe na mama ntilie, majina ambayo kwa sikio la haraka ni tashihisi ya chakula. Kwa hakika ni majina ya kazi. La pili limehifadhi hata sauti ya mteja anayeshikilia sahani. Anayesimama Bukoba mjini nyuma ya masufuria ya ndizi na samaki hawakilishi chakula; anakiuza, tena kwa mtaji mdogo, na akifa fedha yake huulizwa ilikotoka kwa ukali ambao fedha ya muuza kahawa haiulizwi.

Ni hapa masimulizi ya kale yanapokuwa na haki kuliko uhakiki wa kisasa. Kintu wa Buganda alijua tofauti kati ya mtoto wake na Kifo aliyemtaka. Alikataa kumtoa, na kisa hakimlaumu. Kisa cha Nyamata kinamrudisha kwao salama. Rufu wa Wamara anamdai aliyekopa, hamdai aliyepika. Hakuna hata kimoja kati ya visa hivi vitatu kinachomwadhibu mwanamke kwa sababu mauti yamepita karibu naye. Iliyofanya hivyo ni lugha ya miaka ya 1980 na baadaye, pale mjane alipoambiwa kwamba yeye ndiye aliyeuleta, hata kama mumewe ndiye aliyevuka mpaka.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilitoa hukumu katika shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyoirithi kwa baba yake, na mwanamume wa ukoo akapinga mauzo hayo. Mahakama ilitamka kwamba kipengele cha mila kinachomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo kinakiuka haki zilizowekwa katika Katiba, na mauzo yakahesabiwa halali. Hukumu hiyo hufundishwa katika vitivo vya sheria. Idara za fasihi nazo zina sababu ya kuisoma sambamba na usemi wa kununua kaburi, kwa kuwa ndani yake kibanja kinatajwa kama mali, nje ya sitiari yoyote, na mwanamke anatajwa kama mwenye nacho.